Chapati, Maharage na Chumvi ya Uvinza

Nyabibuye hukucha taratibu. Huku ni magharibi kabisa mwa nchi, upande wa mpaka wa Burundi, na saa ni zilezile za Dar es Salaam. Saa kumi na mbili asubuhi watu wa pwani wanakaribia kuliona jua, lakini Nyabibuye watu bado wanatambuana kwa mwanga wa moto. Kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara ya vumbi, moto umekwishawaka mahali pawili. Juu ya mafiga kuna sufuria kubwa ya maharage. Pembeni, juu ya jiko la mkaa, kuna chuma cha chapati. Mama mwenye kibanda amejifunga kitenge juu ya sweta, na kati ya mioto hiyo miwili anageuka huku na huku bila haraka, kama mtu anayelea watoto wawili wa rika tofauti.

"Mwakeye, mama," kijana wa bodaboda anasalimu kwa Kiha bila kuzima pikipiki. "Nikunjie mbili."

Neno hilo, nikunjie, ndilo lililonileta. Ukiagiza chapati maharage mahali pengi Tanzania, utaletewa sahani, bakuli na mahali pa kukaa. Ukisema ukunjiwe, maharage yanaingia ndani ya chapati, chapati inafungwa, nusu yake inavikwa karatasi, nawe unaondoka nayo mkononi. Ni sandwichi kamili, ingawa pale kibandani hakuna anayeiita hivyo. Ndani hamna nyama, hamna yai, hamna soseji. Kuna maharage yaliyoungwa kwa mawese na kitunguu, vipande vya parachichi, pilipili kichaa na chumvi. Nilikaa kwenye benchi la kibanda hicho asubuhi nne mfululizo nikitazama inavyotengenezwa, na nataka kueleza nilichokiona, kwa sababu sijaona mara nyingi kazi ndogo ikifanywa kwa uangalifu mkubwa namna ile.

Kazi yenyewe haianzi alfajiri. Inaanza jioni, kwenye ungo. Mama huyo hununua maharage kwa wakulima wa jirani, na anapenda ya njano, yale ambayo wafanyabiashara wengi huyaita soya ingawa si ile soya ya kukamua mafuta. Anauliza yamevunwa lini kabla hajauliza bei. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu, hasa penye joto na unyevu, hukomaa ukaidi: unaweza kuyachemsha tangu asubuhi hadi adhuhuri na katikati yakabaki na kiini kigumu kama chaki. Kwa hiyo anachota konzi moja, anaitazama ngozi, anaiuma punje moja. Akiridhika, anayachambua chini ya taa. Kijiwe kinatupwa. Punje iliyotobolewa na fukusi inatupwa. Hata punje iliyopasuka anaiweka kando, na nilipomuuliza sababu alinijibu kwamba hiyo itaiva kabla ya wenzake, iyeyuke, kisha iungue chini ya sufuria na kuwapa wengine harufu yake.

Yanalala ndani ya maji usiku kucha. Saa tisa usiku anamwaga maji yale, anatia mapya, na anayaacha yachemke kwa nguvu kabla ya kupunguza kuni. Mpishi yeyote wa Buha, nchi ya Waha, anajua kwamba maharage mabichi hukorofisha tumbo, na wataalamu wanaeleza kuwa ndani yake mna sumu inayovunjwa na mchemko mkali, siyo na joto la uvuguvugu. Na kuchemsha huku mlimani kuna gharama yake. Kila unapopanda mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, maji huanza kuchemka kwa joto lililopungua nyuzi moja. Nyanda hizi za Kakonko, Kibondo na Kasulu ziko juu ya mita 1,200, na sehemu nyingine zaidi ya hapo. Sufuria inatoa mapovu kama ya Tanga, lakini maji yake hayana moto wa Tanga. Maharage yanadai muda zaidi na kuni zaidi. Mama anayapa muda huo. Maji yakipungua anaongeza ya moto kutoka kwenye birika lililo kando ya mafiga, kamwe si ya baridi, ili mchemko usikatike.

Namna anavyopima kuiva ni kitu cha kukaa na kukitazama. Hatumii uma wala saa. Anachota punje chache kwa mwiko, anazisogeza karibu na mdomo, anapuliza. Ngozi zikijikunja na kuachana na nyama ya punje, yamekaribia. Kisha anaichukua moja, anaiweka kati ya kidole gumba na cha shahada, anaibonyeza polepole. Inapaswa kusambaa sawasawa kama siagi, bila kidonge chochote katikati. Asubuhi ya pili nilimwona akibonyeza punje saba, moja baada ya nyingine, kutoka pande mbalimbali za sufuria. Sita zilisambaa. Ya saba ilikuwa na kiini. Akarudisha mfuniko, akasukuma ukuni mmoja ndani, akaendelea na unga wake. Wateja wawili walikuwa wamekwishafika. Waliambiwa wasubiri, na wakasubiri.

Yakiwa tayari, ndipo kazi ya sandwichi inapojitenga na kazi ya sahani. Maharage ya sahani yanataka mchuzi wa kuchovea. Ya kukunja yakiwa na mchuzi hivyo, chapati italowa na kupasuka kabla mteja hajafika kwenye kona. Kwa hiyo mama anachukua mwiko na kuyabonda kiasi cha theluthi moja, akiyakandamiza ukutani mwa sufuria, na kuacha mengine mazima. Yaliyobondwa yanakuwa rojo zito linaloyashika mazima mahali pake. Ukiuma unapata vyote viwili, ulaini na punje.

Kisha anayaunga. Kwa asubuhi za baridi mawese huganda ndani ya chupa, yakawa kama nta ya rangi ya machungwa, na inambidi aisimamishe chupa karibu na moto hadi yaanze kuteremka. Anayamimina kwenye sufuria ndogo. Hapa wapishi wanatofautiana. Wapo wanaoyachoma mawese mpaka wekundu wote upotee, wakisema wanaua harufu. Mama huyu husubiri tu hadi mafuta yaanze kutetemeka juu, kabla moshi haujapanda, kisha anatia kitunguu kilichokatwa vipande vinene. Anasema mtu asiyetaka harufu ya mawese atumie mafuta ya alizeti, na wala hamlaumu. Wekundu ule ni karotini, ileile inayoipa karoti rangi yake, na ukiuchoma hadi uishe umechoma sehemu nzuri ya kile ulichokilipia. Kitunguu kikilainika na kuanza kuwa na rangi ya asali pembeni, maharage yanaingia kwa mkupuo mmoja, na kibanda kizima kinanukia.

Huo ni moto mmoja. Kwenye moto wa pili kuna chapati, nayo ina masharti yake. Unga wa ngano unakandwa kwa maji ya uvuguvugu, chumvi na mafuta kidogo, mpaka uachane na sinia wenyewe. Baada ya hapo unafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu na kuachwa nusu saa, maana unga uliotoka kukandwa unavuta kama mpira: ukiusukuma unarudi. Ukipumzika unakubali. Anakata madonge, anasukuma kila moja kwenye kibao, anapaka mafuta juu yake, analikunja likawa kama kamba, analizungusha likawa kama konokono, na kuliacha tena. Ndipo anapolisukuma mara ya mwisho. Mikunjo ile ndiyo inayoleta matabaka, na matabaka ndiyo yanayoitofautisha chapati ya Afrika Mashariki na ile ya India iliyotupatia jina. Chapati ya kawaida ya India ni nyembamba na haipakwi mafuta ndani. Yetu inafanana zaidi na binamu yake, paratha.

Kwa ajili ya kukunja, chapati haitakiwi kukauka. Mama anaichoma pande zote mbili kwanza bila mafuta, hadi itokeze madoa ya kahawia, halafu anapaka mafuta na kuizungusha kwa kitambaa, akibonyeza kingo ambako unga hujificha mbichi. Anaiondoa mapema kidogo kuliko angeiondoa kwa mtu wa chai. Moja kwa moja inaingia kwenye hotpoti lililotandikwa kitambaa, na mfuniko unafungwa. Mvuke wa chapati iliyotangulia unailainisha inayofuata. Nilipouliza kwa nini asimkunjie mteja ile iliyotoka motoni sasa hivi, aliichukua moja na kuikunja mbele yangu. Ilivunjika mgongoni. Akachukua nyingine iliyokaa ndani ya hotpoti dakika kumi, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Haikuwa na alama.

"Umeona, mwanangu," alisema. "Nayo inataka kutulia."

Parachichi huchaguliwa tangu jana yake. Analibonyeza karibu na kikonyo tu, maana ukilibonyeza tumboni unaliachia jeraha. Hulikata vipande virefu, hulinyunyizia chumvi, na hakulisaga hata mara moja katika zile asubuhi nne. Pilipili kichaa, ndogo na nyekundu, huzitwanga na chumvi kwenye kinu kidogo kisichoingia kitu kingine. Vitu hivi viwili amevipanga vikutane. Ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji, ndiyo maana mtu aliyeungua mdomo akinywa maji haponi. Unayeyuka kwenye mafuta. Mafuta ya parachichi na ya mawese yanauchukua ukali ule, yanausambaza, na kuupunguzia ncha. Unasikia pilipili kwanza kama onyo, kisha kama joto linaloshuka kifuani asubuhi ya baridi.

Mpangilio wa mwisho unachukua muda mfupi kuliko inavyochukua kuusoma. Chapati inatandazwa kiganjani. Parachichi linatangulia, katika mstari mmoja, theluthi ya njia kutoka ukingoni, ili lizuie unyevu wa maharage usiguse unga. Juu yake upawa mmoja wa maharage, siyo mmoja na nusu. Pilipili kwa ncha ya kijiko. Ukingo wa chini unapanda, pande mbili zinaingia ndani, kisha kitu kizima kinaviringishwa kwa kukaza. Karatasi inavikwa chini, juu inabaki wazi. Kijana wa bodaboda anaila kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye usukani, na shati lake linabaki safi.

Asubuhi ya tatu nilimuuliza swali ambalo huenda wengi wangemuuliza. Kwa nini asiongeze yai, au nyanya, au kile kiungo cha pakiti kinachouzwa kila duka? Angeuza kwa bei kubwa zaidi. Hakukasirika. Aliifuta mikono kwenye kitenge, akafikiri.

"Nikiongeza vitu," alisema, "nitajuaje kama maharage yangu leo yameharibika?"

Nimeligeuza jibu hilo kichwani tangu siku ile. Nilikuwa nimedhani uchache wa vitu ndani ya chapati yake unatokana na uchache wa fedha, na bila shaka fedha ni chache. Lakini kumbe uchache huo ni kipimo anachojipimia. Sandwichi yenye vitu kumi ina mahali kumi pa kuficha kosa. Ikiwa na vitu vichache, kila kimoja kinasikika, na mpishi aliyelala nusu saa zaidi atajulikana kwa mlaji wa kwanza. Mama huyu amechagua chakula kinachomshtaki kila siku, na kila siku anaamka kukijibu.

Kuna jambo jingine nililoliona nikiwa nimeshika chapati yangu na kuhesabu vilivyomo. Karibu vyote ni wageni waliohamia. Maharage asili yake ni bara la Amerika, na inaaminika yalifika Afrika pamoja na meli za Wareno. Pilipili ilitoka hukohuko, parachichi vilevile. Jina la chapati ni la Kihindi, na ngano yake hailimwi kwenye vilima hivi; unga unafika kwa barabara kutoka mbali. Mchikichi, mti wa mawese, asili yake ni Afrika Magharibi, ingawa umekaa kando ya Ziwa Tanganyika muda mrefu: msafiri Richard Burton alipofika Ujiji mwaka 1858 aliukuta umekwishastawi. Vyote hivyo vilikuja, vikalimwa, vikapikwa, na leo hakuna Muha atakayekubali umwambie kwamba maharage si yake.

Chumvi ndiyo mwenyeji. Ile anayoitumia mama ni ya Uvinza, kusini mwa mkoa huuhuu, mahali Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi na chemchemi za maji ya chumvi zinapotoka ardhini. J. E. G. Sutton na Andrew Roberts walifanya utafiti wa mambo ya kale pale, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1968 katika jarida la Azania, yalionyesha kwamba watu wamekuwa wakichemsha maji hayo ili wapate chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Katika karne ya 19 wasafiri wa misafara waliibeba mbali kuzunguka maziwa. Kabla punje ya kwanza ya maharage haijavuka bahari, kabla pilipili haijajulikana, kulikuwa na vyungu juu ya moto Uvinza na mtu ameinama akingoja maji yakauke. Wageni wote walipofika, walikaribishwa na chumvi hiyo.

Wazo la kufunga jamii ya kunde au viazi ndani ya unga, ukatia kitu chenye ukali, ukampa mtu anayewahi kazini, limezaliwa mahali pengi. Mombasa na Lamu watu huamkia mahamri na mbaazi za nazi, na wapo wanaolipasua hamri na kulijaza. Kampala kuna kikomando, chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage, ambayo wengi husema imepata jina kutokana na filamu ya Arnold Schwarzenegger ya mwaka 1985, kwa nguvu inayomwachia mlaji. Mumbai husimuliwa kwamba mwaka 1966, nje ya stesheni ya Dadar, muuzaji mmoja alianza kukiweka ndani ya mkate kiazi kilichopondwa na kukaangwa kwa unga wa dengu, pamoja na chatne kali, na wafanyakazi wa viwanda vya nguo wakakimbilia. Waingereza ndio waliompa bwana mmoja, Earl wa Sandwich, heshima ya jina, na neno lenyewe lilianza kuandikwa mwaka 1762. Njaa ya mtu aliye njiani, mwenye mkono mmoja tu ulio huru, ina umri mkubwa kuliko jina hilo.

Na wapishi hao wa Mombasa, Kampala, Mumbai na Nyabibuye, bila kupimiwa na mtu, waliangukia mchanganyiko uleule unaofaa mwili. Protini ya ngano ina upungufu wa laisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi. Maharage yana upungufu wa methionini, ambayo nafaka inayo. Kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Kule Nyabibuye, wanawake niliowaona wakipita na majembe begani walinunua chapati moja moja ya kukunja na kuifunga kwenye khanga, wakaenda nayo shambani. Wangeila jua likiwa limepanda, na ingewafikisha adhuhuri. Hakuna hata mmoja niliyemsikia akiuliza nyama iko wapi.

Nimerudi Dar es Salaam na nimejaribu. Maharage niliyanunua dukani bila kuuliza yamevunwa lini, nikayachemsha jioni ileile, nikayaonja, nikaona yamepooza. Mkono ukaenda kwenye nyanya. Ukaenda kwenye pilipili hoho. Ulipofika kwenye pakiti ya kiungo nilisikia lile swali la Nyabibuye kama limeulizwa jikoni kwangu, nikarudisha pakiti kabatini. Nilichukua punje moja na kuibonyeza kati ya vidole. Ilikuwa na kiini.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda sokoni Kariakoo nikatafuta ya njano, nikauma punje mbele ya muuzaji. Usiku niliyachambua kwenye ungo chini ya taa, nikayaloweka, nikaweka saa ya kuniamsha saa tisa. Giza lilikuwa bado zito nilipowasha moto. Nilivuta kigoda karibu na sufuria, nikatia birika la maji ya moto pembeni, nikakaa kungoja.